Jumla kwa Mkoa haifanani na Jumla ya Kampuni: atributi kwenye Essbase zimenichanganya, wajuzi njooni

#1 Leja ya Kurasini | Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu habari za jioni.

Niko idara ya fedha kwenye kampuni moja hapa Dar, tuna matawi 61 nchi nzima. Tunatumia Hyperion Planning, programu ya bajeti na ripoti, na chini yake kuna Essbase, hifadhidata inayotunza namba na kuzijumlisha. Dimensheni yetu ya Tawi, yaani orodha ya matawi na makundi yake, ilipangwa kwa Kanda tu tangu mwanzo. Mwezi uliopita bosi akataka mapato yaonekane kwa Mkoa. Fundi aliyetufungia mfumo mkataba wake uliisha zamani, kwa hiyo nikakaa na mwongozo mwenyewe: nikatengeneza atributi ya Mkoa (sifa anayopewa kila tawi), nikaiambatisha kwenye matawi moja baada ya jingine, nikasukuma mabadiliko kwenda Essbase. Halikutokea kosa hata moja.

Leo nimevuta Septemba kwenye Excel kupitia Smart View. Jumla ya Tawi inasoma milioni 4,318. Nikiweka Mkoa kwenye safu na kuchukua jumla yake, napata milioni 4,106. Milioni 212 sizioni. Kikao cha menejimenti ni Ijumaa na bado niko ofisini, walinzi wameshazima taa za korido.

Atributi inawezaje kupunguza pesa? Naomba kuwasilisha.

#2 Chumvi Kidogo | saa 2:20 usiku

Nimeweka kambi hapa. Na sisi tunataka kuanza mambo hayo hayo mwakani.

#3 Fundi Kyubu | saa 2:41 usiku

Mkuu pole na kazi. Pesa zako zipo, ila umeziuliza kwa mlango mwingine.

Jumla ya Tawi inapanda kwa hayaraki, yaani ngazi za mzazi na watoto: tawi linaingia Kanda, Kanda inaingia Jumla. Jumla ya Mkoa haipiti huko. Essbase inakusanya matawi yaliyoambatishwa thamani ya Mkoa (jina la mkoa, si pesa) na kuyajumlisha pale pale unapoomba. Tawi lisilo na Mkoa halina njia ya kufika kwenye jumla hiyo, na mfumo hautakwambia chochote, maana kwake tawi kukosa atributi ni jambo halali kabisa. Ndiyo sababu hukuona kosa.

Orodhesha memba wote (majina yaliyo kwenye dimensheni) wa ngazi ya chini kabisa, halafu uangalie nani yuko mtupu. Wote, pamoja na wale usiowaita matawi.

#4 Dada Hesabu | saa 2:58 usiku

Naunga mkono #3. Mwaka jana kwetu tawi jipya lilifunguliwa, aliyeliingiza kwenye dimensheni akajaza jina, msimbo na mzazi, akaenda zake. Miezi minne ripoti ya Mkoa haikulijua. Meneja wa tawi ndiye aliyepiga simu kuuliza kwa nini mauzo yake hayaonekani kwenye bonasi ya mkoa. Nilijisikia vibaya sana siku ile, maana mtu alikuwa amefanya kazi na mfumo haukuonyesha.

Angalia pia ile ya kuhesabu. Atributi za Essbase zinakuja na hesabu tano: jumla, idadi, wastani, kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Usipochagua unapewa jumla. Hakikisha hakuna aliyekuachia karatasi yenye wastani.

#5 Mzee wa Samora | saa 3:10 usiku

Vijana mnahangaika bure. Tangu Oracle watengeneze Essbase nimekuwa nikisema atributi ni mzigo. Kila ukiongeza moja, kyubu, yaani ghala la data la Essbase, inanenepa na mahesabu ya usiku yanachelewa. Tengeneza dimensheni kamili ya Mkoa, pakia data humo, ulale usingizi.

#6 Fundi Kyubu | saa 3:26 usiku

Mzee shikamoo. Naomba nirekebishe mawili.

Essbase ilitoka kwa Arbor Software mwaka 1992. Arbor wakaungana na Hyperion mwaka 1998, na Oracle wakamnunua Hyperion mwaka 2007. Oracle aliikuta imeshakua.

La pili, atributi haihifadhi data, kwa hiyo kyubu hainenepi. Gharama yake inalipwa wakati wa kuuliza: ukiomba jumla ya Mkoa kwa matawi mengi na miezi yote, mfumo unakokotoa hapo hapo na wewe unasubiri. Dimensheni kamili ndiyo inayonenepesha. Tena ukiwa na dimensheni ya Mkoa, hakuna kinachomzuia karani kupakia mapato ya tawi la Arusha chini ya Mtwara. Kwa atributi hilo haliwezekani, sababu tawi moja lina thamani moja tu.

#7 Mzee wa Samora | saa 3:31 usiku

Marahaba. Kwa miaka nimepokea. Ila kwenye kusubiri tuko pamoja: kwetu ripoti ya atributi ukiibonyeza unaweza kwenda kununua mihogo na kachumbari pale nje ukarudi, bado inazunguka.

#8 Leja ya Kurasini | saa 3:55 usiku

Asante #3 na #4! Nimeorodhesha. Matawi matatu yalikuwa matupu, yote ya mwaka huu: Ifakara, Kahama na Mbezi Luis. Kwa pamoja yana milioni 97 za Septemba. Zimebaki 115.

Halafu kuna memba anaitwa "Makao Makuu Marekebisho", anakaa ngazi moja na matawi. Huko ndiko tunakoweka jono (maingizo ya marekebisho ya kihasibu) za mwisho wa mwezi. Ana milioni 83 na hana Mkoa. Huyu nimpe mkoa gani? Ofisi iko Dar lakini marekebisho ni ya nchi nzima.

Bado 32 sijui ziko wapi.

#9 Dada Hesabu | saa 4:02 usiku

Usimpe Dar es Salaam, nakusihi. Utaibebesha Dar mapato ya watu wengine, na mwaka ujao mtu atapanga bajeti ya Dar kwa kutazama namba hiyo. Tengeneza thamani inayoitwa "Haijagawanywa", umweke huko, ionekane kwenye ripoti kama mstari wake. Bosi akiuliza, utamweleza. Namba inayoonekana inaulizwa.

#10 Kigogo 7 | saa 4:15 usiku

Mimi ningetumia UDA badala ya atributi. Ni lebo tu unambandika memba, hata mbili tatu kwa wakati mmoja, na dimensheni yoyote inakubali. Haina masharti.

#11 Chumvi Kidogo | saa 4:17 usiku

UDA? Basi lile la Posta hadi Mwenge, tukining'inia mlangoni? 😂

#12 Kigogo 7 | saa 4:19 usiku

Hiyo hiyo mkuu, konda anabandika lebo badala ya kukata tiketi.

#13 Fundi Kyubu | saa 4:33 usiku

Tofauti ni kubwa, tusimpoteze mwenye uzi. UDA ni lebo ya kumchuja memba: kwenye hesabu unasema "wote wenye lebo hii". Haikupi jumla unayoweza kuiburuta kwenye safu ya ripoti. Atributi inakupa jumla, ila ina masharti: dimensheni iwe ya zile zenye mapengo mengi (nafasi zisizo na namba), kama Tawi au Bidhaa. Zile zilizojaa, ambazo kwa wengi ni Akaunti na Miezi, hazipokei. Ukiwa Planning ukaigeuza dimensheni kutoka ya mapengo kuwa ya kujaa, atributi zake zinafutwa. Nimeona mtu akipoteza kazi ya wiki kwa kubadilisha mpangilio ili mahesabu yaende haraka.

#14 Mwana wa Vwawa | Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Wadau salaam, nimesoma uzi kwenye daladala tokea Mbagala mpaka hapa.

Leja, hizo 32 ni nzuri lakini kuna shimo refu zaidi mbele yako. Tawi lenu la Tunduma umeliandika mkoa gani? Ukiandika Songwe, vuta mapato ya mwaka 2010 kwa Mkoa. Utaona Songwe ina mapato kabla haijazaliwa, kwa sababu Songwe ilianzishwa 2012.

#15 Dada Hesabu | saa 1:44 asubuhi

Hoja sahihi, mwaka umeteleza. Mikoa ya 2012 ni Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

#16 Mwana wa Vwawa | saa 1:50 asubuhi

Kweli kabisa dada, 2016. Nimezaliwa huko halafu nakosea, nyumbani wasisome hapa.

Lakini shimo liko pale pale. Atributi ya kawaida inajua leo tu. Ukibadilisha Tunduma kutoka Mbeya kwenda Songwe, historia yote ya Tunduma inahama siku hiyo hiyo. Ripoti ya Mbeya ya 2014 uliyoichapa wakati ule na kuiweka kwenye faili haitalingana tena na mfumo. Mkaguzi akizishika zote mbili atataka maelezo.

Na nikiwa hapo hapo: kama mna tawi linaloitwa "Songwe" sababu liko karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, uwanja huo uko mkoa wa Mbeya, upande wa Mbalizi. Usiweke mkoa kwa kusoma jina la tawi.

#17 Leja ya Kurasini | saa 2:35 asubuhi

#16 umenishtua. Nimefungua sasa hivi. Tawi letu linaitwa Songwe, liko njia ya uwanja wa ndege, na mimi kwa mkono wangu nililiandika mkoa wa Songwe. Limesharekebishwa. Jumla haijabadilika lakini Mbeya imepanda.

#18 Jicho la Mkaguzi | saa 4:05 asubuhi

Nimekuja baada ya kuona neno mkaguzi.

Hapa Dar mfano wa karibu ni halmashauri. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ndiyo ikawa Jiji la Dar es Salaam. Kabla ya hapo Ubungo ilitoka Kinondoni na Kigamboni ikatoka Temeke. Mteja mmoja alikuwa na atributi ya Halmashauri kwa ajili ya kufuatilia ushuru wa huduma. Tawi lake la Kariakoo lilisomeka "Jiji" mpaka miaka ya nyuma, wakati stakabadhi za miaka hiyo zimeandikwa Manispaa ya Ilala. Tulikaa siku mbili tukioanisha karatasi na mfumo, na tatizo halikuwa la mtu yeyote kuiba wala kukosea hesabu.

Kwangu mimi kinachotangulia ni hiki: ripoti ni ya kulinganisha au ya kuthibitisha? Ya kulinganisha inataka matawi yapangwe kwa ramani ya leo, miaka yote, ili ukisema Songwe imekua uwe unalinganisha matawi yale yale. Ya kuthibitisha inataka ramani ya wakati ule. Ukitumia atributi moja kwa kazi zote mbili, moja itakuumiza.

#19 Fundi Kyubu | saa 4:30 asubuhi

Essbase ina atributi zinazobadilika kwa wakati: unaifunga atributi na dimensheni ya Mwaka, unasema Tunduma ni Mbeya mpaka 2015, kisha Songwe kuanzia 2016. Inafanya kazi. Lakini uzoefu wangu ni kwamba anayefuata baada yako haielewi, anairekebisha upande mmoja, na ripoti inavurugika.

Mimi huweka atributi mbili za kawaida: "Mkoa wa Sasa" na "Mkoa wa Awali". Si nzuri kwa macho, ila karani yeyote anaisoma.

#20 Mwana wa Vwawa | saa 4:41 asubuhi

Na mkoa ukigawanywa mara ya pili? Utaweka "Mkoa wa Awali ya Awali"?

#21 Fundi Kyubu | saa 4:43 asubuhi

Siku hiyo nitakuita wewe kaka.

#22 Safu na Mistari | saa 6:12 mchana

Sisi tuko TM1 ya IBM, niongeze upande wetu. Huku atributi ni za aina tatu: maneno, namba, na jina mbadala. Zinakaa kwenye kyubu yake ya ndani, unaweza kuifungua na kuisoma kama kyubu nyingine. Lakini atributi yenyewe haijumlishi. Ukitaka jumla kwa mkoa, unajenga hayaraki mbadala kutoka kwenye atributi.

Faida yake ni kwamba hayaraki unaiona: ina mikoa, ndani yake matawi, na aliyebaki nje unamkuta amesimama peke yake. Leja angekuwa huku angewaona Ifakara na wenzake siku ya kwanza.

#23 Kigogo 7 | saa 6:30 mchana

Watu wa TM1 hamwezi kupita uzi bila kubisha hodi. Karibu mkuu.

#24 Mzee wa Samora | saa 7:15 mchana

Nami nitoe kisa cha tarehe, maana hamjaigusa. Essbase inapokea atributi za aina nne: maneno, namba, tarehe na ile ya kweli au si kweli. Tarehe unachagua mwezi utangulie au siku itangulie, na uamuzi huo ni wa kyubu nzima. Tuliweka tarehe za kufunguliwa matawi, faili limeandikwa Kitanzania, siku mbele. Kyubu ilikuwa imewekwa mwezi mbele.

Tawi la tarehe 25-07 liligoma kuingia, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Hilo tukaliona. Tawi la 03-07-2019 likaingia kimya kimya kama tarehe 7 Machi. Mteja alikuwa anafuata mwaka wa fedha wa serikali, Julai hadi Juni. Tawi lililofunguliwa mwanzoni mwa 2019/20 likasomeka la 2018/19, na kwenye ulinganisho likaonekana limekaa mwaka mzima bila kuuza. Walikaribia kulifunga. Nilikuwa mezani siku hiyo, na barua ya kulifunga nilikuwa nimeshaiona.

#25 Chumvi Kidogo | saa 7:22 mchana

Aisee mzee, hiyo imenitoa jasho.

#26 Leja ya Kurasini | saa 10:05 jioni

Narudi na 32. Matawi yote sasa yana Mkoa, Makao Makuu yako "Haijagawanywa". Jumla ya Mkoa ni 4,286. Jumla ya Tawi bado ni 4,318. Kila memba wa chini nimemkagua kwa jicho, hakuna aliye mtupu.

#27 Dada Hesabu | saa 10:20 jioni

Basi kuna namba imepakiwa juu, kwenye Kanda yenyewe. Zamani mkiwa na kanda tu, mtu angeweza kuweka mapato ya mawakala moja kwa moja kwenye "Kanda ya Nyanda za Juu Kusini" bila kupitia tawi. Pale ambapo watoto wote wana pengo, Essbase inaiacha namba ya mzazi. Jumla ya Tawi inaihesabu. Mkoa hauihesabu, kwa sababu umeambatishwa chini.

#28 Safu na Mistari | saa 10:34 jioni

Mimi nadhani ni memba wa kushea, yaani tawi lile lile likiwekwa sehemu ya pili. Mna hayaraki mbadala? Kama kilele chake kina alama ya kujumlisha badala ya ile ya mawimbi inayosema usijumlishe, tawi linahesabiwa mara mbili kwenye Jumla. Kwenye atributi linahesabiwa mara moja. Hapo 4,286 ndiyo sahihi na 4,318 imevimba.

#29 Jicho la Mkaguzi | saa 10:50 jioni

Maelezo hayo mawili yana matokeo yanayopingana. Kwa #27, ukifuata Mkoa unapunguza mapato halali. Kwa #28, ukifuata Jumla unaongeza mapato hewa. Usipeleke namba yoyote Ijumaa kabla hujaoanisha na leja kuu.

#30 Leja ya Kurasini | saa 2:48 usiku

Nimechukua nakala ya kyubu, humo nikawasha mpangilio wa kujumlisha mapengo (mzazi anafuata watoto hata wakiwa na pengo, namba yake inafutika) na kukokotoa upya. Jumla ya Tawi imeshuka kutoka 4,318 hadi 4,299. Kwa hiyo 19 zilikuwa zimekaa kwenye Kanda, na nimezipata: ni kamisheni za mawakala, akaunti moja tu, zilipakiwa na mtu wa kabla yangu. Dada Hesabu umepatia hapo.

Lakini 13 zimebaki. Tuna hayaraki mbadala inaitwa "Matawi ya Mpakani": Tunduma, Namanga, Holili, Mutukula, Sirari, Kasumulu. Kilele chake kina alama ya mawimbi, kiko sawa. Kasumulu mwenyewe ana milioni 13.4 za Septemba. Imekaribia ila haifanani.

#31 Fundi Kyubu | saa 2:55 usiku

Kwanza, usiwashe mpangilio huo kwenye kyubu halisi! Utafuta zile 19 na ni pesa za kweli. Mtengenezee memba wa chini, "Mawakala Nyanda za Juu", mhamishie namba, mpe Mkoa au "Haijagawanywa".

Pili, 13.4 na 13 usizilazimishe zifanane. Zinaweza kuwa zimekutana tu barabarani.

#32 Safu na Mistari | saa 3:07 usiku

Au Kasumulu ameshewa, na marekebisho ya laki nne yamepita upande mmoja. Mimi bado niko kwenye msimamo wangu.

#33 Dada Hesabu | saa 3:15 usiku

Na mimi nadhani ni Kanda nyingine, akaunti nyingine, ambapo tawi moja lina sifuri iliyoandikwa badala ya pengo. Sifuri ni namba, mzazi anakokotolewa juu yake na mambo yanajificha tofauti.

#34 Leja ya Kurasini | saa 3:40 usiku

Shukrani wote, mmenibeba. Leja kuu nimeshaiomba, wataniletea kesho saa 2 asubuhi. Nitapita tawi kwa tawi, akaunti kwa akaunti. Naanza na Kasumulu.